Askari Aliyecheka Kwenye Sinema

Mama yangu hakuipenda sinema. Nalisema hili kwanza, kwa sababu watu wa Mtwara waliomwona miaka ile akiingia ukumbini kila alipopata nafasi, na kaniki yake ya Mahurunga katikati ya wanawake wenye mabuibui, walidhani yule mama wa shamba kapagawa na picha. Hakupagawa. Alikuwa anamtafuta mtoto wake.

Kaka yangu alichukuliwa vitani, akapelekwa Bama, mbali huko upande wa Bara Hindi. Vita vilipokwisha wenzake walirudi mmoja mmoja, wamevaa makoti mazito yasiyofaa kwa joto letu. Mmoja wao alikuja nyumbani akamwambia baba kwamba walivuka mto mmoja huko, wakashambuliwa, na kaka hakutokea ng'ambo. Mwili haukuonekana. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi njia panda. Aliporudi alisema tusome hitima.

Mama akajibu, "Hitima ya nani? Mimi nimezaliwa kando ya Ruvuma. Mtu akichukuliwa na mto, huonekana kule chini. Kama hakuonekana, yuko mahali."

Baba hakubishana naye. Hitima haikusomwa, na nyumba yetu ikakaa hivyo, haina msiba wala haina furaha. Kitanda cha kamba cha kaka kilitolewa uani kuanikwa jua, kikarudishwa ndani, kikatandikwa. Mimi nilivunja ungo, nikachezwa unyago, nikaposwa katika nyumba hiyo.

Mwaka niliokuwa mchumba, gari la sinema la serikali lilifika kijijini kwetu Mahurunga. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa na watu walikuwa na nafasi. Baada ya magharibi tuliketi uwanjani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mbele yetu kitambaa cheupe kimefungwa kwenye miti miwili. Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo. Kisha namna ya kusafisha kisima. Watu walicheka sana, maana yule mchimba choo alikuwa hatoki jasho.

Kisha wakatokea askari. Msemaji alieleza kwa kipaza sauti kwamba hawa ni vijana wetu wa Afrika Mashariki waliopigana Bama. Walikuwa wanatembea kwa mstari kwenye tope, na mizigo mgongoni. Mmoja alipofika karibu aligeuza kichwa kututazama, akacheka, akainua mkono. Akapita. Ilikuwa kitambo kidogo sana, kama mtu anayepita mlangoni kwako.

Mama alisimama. Alimwita kaka kwa jina la nyumbani, lile ambalo hata shangazi zetu hawakulitumia. "Ananipungia mkono!" akasema. "Mmeona? Kaniona, ananipungia!"

Mimi nilikuwa pembeni yake, na nilimwona yule askari. Nilisema ni yeye. Nilitaka awe yeye, na kofia ilimfunika paji la uso, na miaka ilikuwa imepita. Baba, kule upande wa wanaume, alibaki ameketi. Mama alikwenda kwenye gari kumwomba msemaji arudishe picha. Yule bwana alimjibu kwa adabu kwamba mashine ikipata moto haichezewi, na alfajiri wanaondoka kwenda Msimbati. Kulipokucha gari halikuwapo.

Nilipoolewa nikahamia Mtwara. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa gati, wakati ule bandari ilikuwa bado vyuma na mawe na mitambo inayonguruma toka asubuhi. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikuja kunilea uzazi. Arobaini ikatimia, na yeye hakurudi shamba. Jioni moja tukila alimuuliza mume wangu, "Baba, hapa mjini sinema inaonyeshwa wapi?"

Mume wangu alinitazama, kisha akamtazama yeye. Alikuwa mtu mpole. "Ziko mahali pengi, mama. Kambini kwetu, ukutani mwa stoo, Jumamosi. Mikindani kuna ya Mhindi mmoja. Na hapa mjini wamefungua ukumbi mpya wa mabati."

"Basi tutazipitia zote," akasema mama.

Tukazipitia. Kambini tulisimama nyuma ya vibarua, mtoto mgongoni kwangu, tukaona wazungu wenye farasi wakifukuzana jangwani na kupigana bastola. Mama hakupepesa jicho. Mambo yalipokwisha alisema, "Farasi wote hawa, na yeye hayumo." Mikindani tulikwenda kwa lori la mkonge. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala, na mbata, zile nazi kavu zilizowahi kuwekwa mle, zilikuwa bado zinanuka kwenye kuta. Pale tuliona picha ya Kihindi, msichana anaimba kwenye bustani, anaimba tena mtoni, analia. Wanawake wa Mikindani walilia naye. Mama alikuwa akitazama nyuma ya yule msichana, kwenye miti na kwenye watu wanaopita.

"Leo hakutoka," aliniambia njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa anavyofikiri. Kwake sinema ilikuwa nchi moja. Wale wa farasi, yule msichana na askari wa Bama walikaa pamoja huko, na mtu akiwa na subira mwanawe atapita siku moja. Nilijaribu kumweleza. Nilisema picha zinakuja kwa meli ndani ya makopo, kila kopo na watu wake. Aliendelea kumkanda mtoto mafuta. Kisha akasema, "Basi nitafutie kopo lake."

Ukumbi mpya wa Mtwara ulikuwa na siku ya wanawake, Jumatano alasiri. Madirisha yalifungwa na kuzibwa kwa vitambaa vyeusi, na mlangoni alisimama mke wa mwenye ukumbi, mama mmoja wa Kihindi mnene mwenye sauti kali. Siku nyingine tulimkuta dukani kwake, tulikonunua sukari na khanga. Mama alimweleza habari yake pale mlangoni, watu wamepanga mstari nyuma yetu. Nilidhani atatusukuma ndani. Hakutusukuma. Alimwacha mama amalize, kisha akasema, "Kabla ya picha kubwa huletwa kipande kidogo cha habari, mama. Kinazunguka, Dar, Lindi, huku. Kikija cha askari mimi nitakwambia."

Nilidhani amesema tu ili tupite. Mama alikwenda shamba kulima, akarudi, akaenda tena. Mtoto wangu akatembea. Mikorosho ya nyuma ya nyumba yetu ikazaa. Kila nilipokwenda dukani yule mama wa Kihindi alitikisa kichwa kabla sijauliza, nami nikanunua nilichofuata. Kisha siku moja alitoka nje ya kaunta, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya, akanishika mkono. "Mwite mama yako. Wiki hii iko askari."

Jumatano hiyo mama alioga mapema, akavaa khanga aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Tulikaa safu ya pili. Pembeni yake aliketi mama mwingine wa rika lake, mweusi, mwembamba, mikono yake migumu kama ya watu wa pwani. Hakusalimia mtu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka.

Taa zikazimwa. Tukaona malkia akipanda gari, tukaona meli ikishushwa majini. Kisha tope, na askari wanakuja kwa mstari. Nikamshika mama mkono. Yule mmoja akafika karibu, akageuka, akacheka, akainua mkono.

Wanawake wawili walisimama kwa pamoja. Wote wawili wakasema, "Mwanangu!"

Askari akapita, picha ikaendelea na mambo mengine, na wale wawili bado wamesimama gizani wakitazamana.

Niliwatoa nje barazani, maana nilidhani watapigana. Huko ndani nyimbo za Kihindi zilikuwa zimeanza. Yule mama alisema ametoka Msimbati, na wameiona picha hii mara moja tu, gari la sinema lilipofika kwao. Tangu siku ile kila akija mjini kwa mpwa wake hupita ukumbini.

"Mtoto wangu wa pekee," akasema. "Usininyang'anye, dada. Nakuomba."

"Simnyang'anyi mtu," mama akajibu, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Aliyepita pale ni wangu. Alinipungia mkono kule kwetu, na leo kanipungia tena."

"Hakupungii!" Yule mama aliruka kama aliyechomwa. "Anafunika mdomo. Alianguka mnazini alipokuwa mdogo, jino la mbele likavunjika, wenzake wakamtania. Toka hapo hacheki mpaka mkono uwe mdomoni. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Wako alikuwa hivyo? Niambie, alikuwa hivyo?"

Mimi nilijua jibu. Kaka alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, mpaka baba alikuwa akimwambia nzi wataingia.

Mke wa mwenye ukumbi alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni akisikiliza. Aliingia ndani bila kusema neno, na aliporudi alituambia tungoje, kile kipande kitarudiwa picha kubwa ikiisha. Tuliketi barazani. Alituletea chai, na hakuna aliyeinywa. Wale wawili walikaa mgongo kwa mgongo mwanzoni. Baadaye mama aliuliza, bila kugeuka, "Alikuwa anapenda kula nini?" Yule akasema, "Ngisi. Na wali wa jana." Mama akasema, "Wangu muhogo wa kuchoma." Wakaendelea hivyo, swali kwa swali, kana kwamba wanapeleka posa, mpaka wakageukiana na yule akacheka kidogo. Wote wawili walikuwa wameambiwa habari ya mto. Wote wawili walikuwa wamekataa hitima.

Tulipoitwa tuliingia, tukakuta wanawake wote wa ukumbi hawajaondoka. Hakuna aliyewaomba wabaki. Mama alisimama karibu kabisa na kitambaa, kivuli chake kikaanguka juu ya tope la Bama, akasogea hatua pembeni. Askari wakaja. Yule kijana akageuka. Safari hii nilitazama mkono peke yake. Uliinuka, ukafika mdomoni, vidole vikafunika meno.

Taa zilipowashwa mama alikuwa bado anaangalia kitambaa kitupu. Kisha akamgeukia yule mama, akamfunga vizuri khanga iliyokuwa inateleza begani, kama anavyofungwa bibi harusi.

"Ni wako, dada," akasema. "Nimemwona sawasawa. Hata kucheka anacheka kama wewe."

Yule mama aliangua kilio. Alilia akicheka, mkono wake mwenyewe mdomoni, na wanawake wakamzunguka wakimshika mabega. Mmoja alitaka kupiga kigelegele, mwenzake akamzuia. "Na wako?" yule mama alikuwa anauliza katikati ya kilio. "Wako yuko wapi, dada?"

"Wangu hayumo," mama akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Sikujua la kusema, na nilipofungua mdomo alinizuia kwa kiganja. Tulipofika alinawa uso, akaketi mkekani. "Kule kwetu Mahurunga nilimwona huyu wa mwenzangu," alisema, "nikamvisha sura ya mwanangu. Mwambie mumeo anitafutie usafiri. Nataka kwenda kwa baba yako."

Baba alikuwa kwenye shamba la muhogo tulipofika. Mama alimfuata hukohuko, nami nikabaki ukingoni. Niliwaona wakizungumza wamesimama. Kisha baba aliweka jembe chini, akachutama, akafunika uso kwa kofia yake. Sikupata kumwona akimlilia kaka kabla ya siku ile. Alikuwa amemngojea mama.

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Wareno. Asubuhi yake aliingia uani yule mama wa Msimbati, ambaye mama alimpelekea habari, na kapu la samaki wakavu kichwani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye mbuzi, akaanza kukuna nazi. Kitanda cha kaka mama alimpa kijana wa jirani aliyekuwa anaoa.

Yule mama wa Msimbati mwenyewe hakumsomea mwanawe hitima. Hakuna aliyemhimiza, wala mama hakumhimiza. Alisema anamwona, na mtu anayeonekana hasomewi. Wakawa wanakwenda wote ukumbini siku za Jumatano mama akiwa kwangu, kipande kile kikiwa bado kinazunguka. Mama alikaa pembeni yake, na askari alipopita alisema, "Huyo, huyo!" kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

Kisha siku ikafika mke wa mwenye ukumbi akatuambia kipande kimechakaa, hakitarudi tena. Tulikuwa tumekwisha kufika, jua kali, basi tukaingia. Ilikuwa picha ya Kihindi, kijana kafukuzwa kwao, anazunguka mjini na nguo zimemchanika. Yule mama wa Msimbati alitazama kwa makini sana. Hakujua lugha, nami nilikuwa ninakisia tu na kumnong'oneza. Kufika katikati alinigusa goti.

"Huyu naye," akaniuliza, "mama yake anajua yuko wapi?"

Nilimwambia sijui, tungoje tuone. Mama alimshika mkono, akauweka mapajani mwake, na tukangoja.