Kinu kwa Hermelinda, Mchi kwa Otilia

Mama yao alipofariki, Hermelinda Xicale alichukua kinu cha jiwe na mdogo wake, Otilia, akachukua mchi wake wa jiwe. Kwa miaka minne kila mmoja alitunza nusu ya chombo, wala hawakusalimiana hata kanisani. Mimi niliyewafundisha watoto wao niliwaambia wazi kwamba ni aibu. Hawakunisikiliza.

Hermelinda ndiye anayetusagia salsa, mchuzi wa nyanya na pilipili, kwa sikukuu ya Mtakatifu Luka. Asubuhi ya siku yenyewe, Don Nicandro, msimamizi wa sherehe, alimkuta jikoni akibanika nyanya na pilipili. Mimi nilikuwa pale nikimenya vitunguu saumu.

"Doña Herme, mwaka jana salsa yako ilinitoa machozi mbele ya padri. Akadhani natubu."

"Ungetubu tu, maana sababu unazo."

"Ikichoma tena, mwakani atatengeneza mke wangu. Ana mashine ya umeme."

"Mwambie aioshe kwanza."

Alipotoka, Hermelinda aligeuza pilipili juu ya moto. Miaka ishirini na mbili kazi ile ilikuwa yake. Na hapa Tepetzala kila mtu anajua kwamba pilipili ikisagwa na mwenye hasira huzidi ukali.

"Sina hasira na mtu," aliniambia, akapiga kitunguu saumu kwa jiwe la mtoni alilolifanya mchi. Jiwe liliteleza, nusu ya kitunguu ikarukia kiatu changu.

"Naona," nilimjibu.

Giligilani ilikuwapo, chumvi na ndimu pia. Pápalo, majani yenye harufu kali ambayo bila hayo wazee wetu hawagusi salsa, yalikuwa yamenyauka sokoni kote. Mabichi yalikuwa bustanini kwa Otilia. Hermelinda alivua aproni, akaivaa tena. Kisha akabeba kinu kiunoni, nyanya na pilipili zikiwa ndani, akavuka barabara. Nilimfuata na vitunguu vyangu.

"Nimekuja kutaka majani," alisema mlangoni.

"Majani tu?" Otilia aliuliza.

"Majani tu."

"Na kinu je, umekileta kitembee?"

Otilia aliingia ndani, akarudi na mchi uliofungwa kitambaa safi. Hermelinda aliweka kinu kizingitini, akaufungua mchi na kuanza kuponda.

"Sogea, dada. Unaponda kama unaua nyoka."

"Na wewe unaponda kama unabembeleza mtoto. Mama alikuwa anakuambia hivyohivyo."

"Wewe alikuwa anakupiga kwa mwiko."

Walicheka hadi Otilia akaketi chini. Jiwe lilipokutana na jiwe lake, mlio ule wa zamani ukasikika, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kulikoni.

Mchana Don Nicandro alichota salsa kwa kipande cha mkate wa mahindi. Macho yakamlowa. Meza nzima ikamtazama.

"Inachoma," alisema. Akachota tena, akaongeza jani la pápalo. "Mwakani mtengeneze nyingi zaidi. Ninyi wawili."

Sidhani pilipili inajua mioyo ya watu. Najua tu kwamba dada hawa walijinyima miaka minne ya kicheko kwa ukaidi, na niliwaambia hivyo palepale mezani.

"Kula, Mwalimu," Otilia alisema, akanijazia sahani.

Jioni walibishana kinu kilale kwa nani. Kililala kwa Otilia, mchi ukiwa ndani yake.