Gogo la Kushukia Mlima

Ngumi yangu ya kwanza katika nchi ya watu niliipokea kwa sababu ya breki. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka milima ya Taita kuja kuishi kwao mke wangu, kijiji cha juu ya Gonja, miaka ile maduka ya Tanzania yalipokuwa na rafu tupu na mwenye duka anayepiga miayo. Baiskeli yangu ilikuwa na raba halisi za breki. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa amesahau raba halisi inanuka vipi. Alichonga vipande vya soli ya kiatu na kuvikaza kwa waya. Nilimcheka, tena mbele ya wenzake. Alinyanyuka taratibu, akanitandika ngumi ya mdomo, akarudi kukaza waya wake huku nikitemea damu shinani mwa mgomba.

Mwanamume anayehamia kwa wakwe anajitafutia maneno. Walinitania kwamba mimi ndiye niliyeolewa. Hata jina langu hawakuhangaika nalo, waliniita Mkenya tu, na Mkenya ikawa sababu ya kutosha ya kunisukuma kwenye foleni ya mafuta ya taa. Nami si mtu wa kumeza. Nilisukuma na mimi. Mara nyingi nilirudi nyumbani shati halina vifungo, mke wangu akaniuliza kama nilikuja kuoa au kupigana. Nilimjibu kwamba kwao naona ni kazi moja.

Shemeji alikuwa mkubwa wa wabeba ndizi. Walishuka mlima na mikungu na viroba vya tangawizi kwenye baiskeli nyeusi nzito, wakaenda kuuza tambarare hadi kijiji cha Kisiwani. Wote waling'oa breki ya mbele, kwa sababu ukiibana mteremkoni na mzigo mgongoni mwa baiskeli, inakurusha juu ya usukani. Breki ya nyuma haikuwa ya kuaminika. Kwa hiyo walifunga gogo la mti kwenye keria kwa ukanda wa tyubu, likaburuzika nyuma yao na kuwazuia wasikimbie. Njia nzima ilikuwa na mfereji uliochimbwa na magogo hayo. Mimi niliona ni ushamba na nilisema hivyo.

Kisha nchi ikafunguliwa. Sabuni ikarudi, sukari ikarudi, na mitumba ikashuka sokoni Same kwa malundo, nguo, viatu, hata baiskeli. Humo nikaokota ya kwangu: nyekundu iliyochubuka, ya gia, ya kupandia milima huko ilikotoka, matairi manene yenye meno. Nilikaa nayo uani kama bwana harusi. Nilishusha siti, nikakata ncha za usukani zisinase kwenye mahindi ya watu, nikabadilisha nyaya za breki, nikazungusha skrubu ya gia hivi na hivi mpaka cheni ikahama bila kelele. Nikamchomelesha fundi keria ya nondo. Mke wangu alisema hajawahi kushikwa kwa upole kama ilivyoshikwa ile baiskeli, na hakuwa anatania sana.

Nikaanza kupandisha bidhaa za duka kutoka Gonja. Wenzangu wote mlima ule walisukuma. Mimi nilipanda nimekaa, kwenye gia ndogo kabisa, miguu inazunguka kwa haraka na baiskeli inatambaa. Wabeba ndizi waliniangalia kwa chuki, nami nilifurahia sana chuki ile.

Sasa, kwetu Taita anayepanda ndiye anayepishwa, kwa sababu akisimama hawezi kuanza tena. Kwao anayeshuka ndiye anayepishwa, kwa sababu hawezi kusimama kabisa. Nililijua hilo. Kila mtu aliniambia. Lakini kila nilipopisha nililazimika kushuka na kusukuma kama wao hadi mahali penye unafuu, na hilo ndilo sikutaka waone.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa kwenye kona yenye jiwe kubwa, keria imejaa sabuni na sukari, niliposikia sauti ya shemeji juu yangu: "Njia! Njia!" Nikaendelea. Akatokea na mikungu yake, gogo linaruka kwenye tope badala ya kuburuzika, macho yamemtoka. "Mkenya, toka!" Nikaendelea. Kama angenyoosha angenipitia juu. Aligeuza usukani akaingia ukingoni, baiskeli ikapiga mwereka, na ule usukani wake, ambao mpira wa mshikio uliisha zamani ukabaki chuma kitupu, ukamchoma tumboni kabla hajafika chini.

Aliinuka haraka mno. Nikasema moyoni, huyu hajaumia. Alikuja na pampu ya baiskeli mkononi, akanipiga nayo sikioni, kisha puani, nikaanguka pamoja na baiskeli yangu na sukari ikamwagika kwenye tope. Nilimrudishia. Nilimpiga mdomo, mahali pale pale aliponipiga mimi miaka ile, na nitasema kweli, ilikuwa raha. Tuligaragara kwenye mfereji wa magogo tukitukanana, yeye kwa Chasu na mimi kwa Kitaita, lugha ambazo zinasikilizana vya kutosha kwa matusi. Alinikalia kifuani, akainua ngumi. Ngumi haikushuka. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu, na jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Nina kiu," akasema, akajilaza pembeni yangu.

Nilipandisha shati lake. Tumboni, kushoto, palikuwa na duara jekundu la ukubwa wa ncha ya usukani, na tumbo lote lilikuwa gumu kama ubao. Nilipiga kelele kuita watu, mlima ukakaa kimya. Lori lilipanda siku ya soko tu, na siku hiyo haikuwa ya soko. Hospitali ilikuwa chini. Baiskeli yake gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama chapati.

Nikatupa mabaki ya sabuni na sukari, nikamkalisha kwenye keria yangu. Alikuwa mzito, na nilihisi hofu ambayo sijaipata katika ugomvi wowote. Nikapanda.

"Gogo," akasema.

"Mimi nina breki mbili, shemeji."

Akanipiga ngumi ya mgongo. "Funga gogo, mjinga wewe! Tuko wawili."

Nikashuka nikafungua gogo lake, nikalifunga kwangu kwa ukanda wa tyubu. Nilipoliacha refu alinipiga tena, nikalifupisha. Kisha nikachukua ukanda mwingine, nikatufunga yeye na mimi kiunoni pamoja, ili akilegea asidondoke. Tukaachia.

Sijui kuendesha kwa namna ile kunaitwaje. Gogo lilivuta nyuma, uzito wa watu wawili ukasukuma mbele, na katikati baiskeli ililia. Raba zangu halisi zilianza kunuka kabla ya kona ya tatu. Bila lile gogo tungeishia bondeni, na nilijua hivyo. Yeye alinipiga. Kila nilipochelewa kubana breki, ngumi ya mgongo. Kila tulipoingia shimoni, ngumi na tusi. "Nitakufa mgongoni kwa Mkenya! Mama yangu alinizaa nife mgongoni kwa Mkenya!" Alinipiga shingoni, mbavuni, akanipiga kisogoni mpaka nikauma ulimi.

Nikampigia kelele anyamaze, ahifadhi nguvu. Akanipiga kwa hilo pia.

Tulipofika kwenye miti ya misheni ngumi zikawa nyepesi. Zilikuja kama za mtoto anayetaka kubebwa. Kisha ikapita kona nzima sijapigwa. Nikaingia shimoni kwa makusudi. Hakunipiga. "Shemeji," nikaita. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, chenye joto. Nikaanza kumtukana. Nilimwambia ni mwoga, nilimwambia ndizi zake zimeoza, nilimwambia breki za soli ya kiatu ni kazi ya mwendawazimu. Nikamtukania mama yake, ambaye ni mkwe wangu na ambaye mbele yake hata kuketi naona haya. Nilisubiri ngumi ya tusi lile. Nilikaza mgongo kabisa niipokee.

Chini, kwenye tambarare, gogo lilianza kutukatalia kwenda mbele, na sikuweza kusimama kulifungua kwa sababu nilihisi nikisimama jambo fulani litakuwa kweli. Nikabadilisha gia, nikasimama juu ya pedeli, nikavuta gogo na mtu, damu ya pua inaingia mdomoni, nikilia kwa sauti barabarani na watu wakitoka majumbani kutazama.

Kwenye uwanja wa hospitali wahudumu walinikimbilia mimi. Uso wangu ndio uliokuwa na damu, yeye alikuwa msafi kama amesinzia. Mmoja alinishika mkono, nikampiga. Nikawaambia mgonjwa yuko nyuma, mgonjwa yuko nyuma! Muuguzi mmoja mama wa makamo akazunguka, akaweka vidole vyake shingoni mwa shemeji, akaviacha pale kwa muda mrefu. Akatoa mkasi mfukoni, lakini hakukata ukanda mara moja. Alinitazama.

"Pole, baba," akasema. "Tumshushe."

Nilishika mikono ya shemeji yote miwili, ile iliyokuwa imening'inia kando yangu, nikaibana kifuani.

"Hapana," nikamwambia. "Mwache. Bado hajamaliza kunipiga."