Bafle zenye yaya alichagua na masikio

Bakubwa ba hapa, jambo kwenu bote. Miye ninasomaka tu uzi ya bengine na kunyamaza, niko na haya mingi. Leo niko naandika, na yote ilipita kwetu kabisa, siongeze kintu.

Kwetu Karavia tunaangaliaka film ku ordinateur (kompyuta) ya salon. Yaya Béa, mukubwa wangu, haone tangu utoto. Zamani alikuwa anaikala na shiye, anauliza nani anaingia, nani anakimbia. Bantu balichoka kumujibu, sanasana mama. Pole pole akaanza kubakia mu chumba yake.

Hakunung'unika hata siku moya. Ile njo iliniuma.

Bafle ya zamani, ile sanduku ya sauti ya ordinateur, ilipokufa, nikaomba papa tununue surround: tano ndogo na moya kubwa ya basse (sauti nzito), sauti inakuzunguka. Akakubali, akasema miye njo nichague. Nikaenda na yaya.

Mu magazin, vendeur mwenye kuuzisha akafungula muziki mpaka vitre za dirisha zinatetemeka. Miye nikaitika na kichwa. Nikisikia basse, ninaaminiaka.

Yaya akaomba kiti, akaikala katikati, akaomba sauti ipunguke.

"Inapiga muzuri, kaka. Lakini bafle zote ziko zinaimba kintu moya. Utie film."

Vendeur akacheka, akamuuliza film ataiona na nini.

"Na ile bafle yenye unataka kutuuzisha."

Vendeur akatia film. Yaya akanyosha kidole kufuata sauti. Ku kit ya kwanza, ile bafle sita pamoya, kidole ilibakia mbele tu. Vendeur akawasha kit ya pili, yenye hata haiko na nguvu sana: pikipiki ya mu film ikapita, na kidole ikatoka kushoto, ikazunguka mpaka nyuma ya kichwa yake.

"Ii njo yetu."

Vendeur naye akafunga macho, akajaribu. Nilimupenda juu ya ile.

(Bakubwa, mbele ya kununua muangalie nyuma ya ordinateur. Yetu ilikuwa na tundu moya tu ya sauti, kit inaomba tatu. Tulibeba pia carte son kidogo ya USB, kadi ya sauti yenye iko na tundu zote tatu. Bila ile, bafle za nyuma zingenyamaza.)

Ku nyumba yaya njo alituonyesha fasi ya kila moya. Za nyuma tulitia sawasawa na masikio, hapana chini.

Siku ya yenga (jumapili) tukaita bote ba ku nyumba. Film katikati, mulango ya mu film ikalia ku bafle za nyuma yetu. Ku ecran hakukuwa muntu. Yaya peke yake akageuza kichwa.

Mama akamuinamia, pole pole: "Béa, ni nani?"

Yaya akamuambia angoje, bado anasikiliza.

Basi, kama unachagua bafle, wache kuangalia nguvu yenye banaandika ku carton. Ikala katikati, funga macho, nyosha kidole. Na ninyi, kwenu mulitia za nyuma wapi? Muniambie. Nitasomea yaya majibu yote, yeye eko hapa pembeni, anangojea.