Siku Ng'ombe Walipoingia kwenye Mtama

Mwaka ule mvua za vuli zilianza vizuri, zikatudanganya sote. Tulipanda mtama bondeni, kwenye shamba kubwa kuliko yote tuliyonayo hapa Nyansurura, kwa sababu bibi shamba wa kata alikuwa ametuambia kwamba msimu huo mvua hazitabiriki na mahindi yangetuangusha. Baba mkwe wangu, ambaye si mtu wa kusikiliza vijana, alimsikiliza yule binti. Binti huyo alikuwa anakuja na pikipiki yake, anavua kofia ngumu, anapiga goti kidogo na kusema shikamoo kabla hajataja mbegu wala mbolea. Mzee alipenda hilo.

Mtama ukaota, ukafika magotini. Halafu mvua ikakatika ghafla, kana kwamba mtu kafunga koki. Majani yakajikunja, yakawa membamba kama sigara. Tulikaa hivyo hadi mwaka mpya ukaingia. Mwishoni mwa Januari zikanyesha mvua mbili kubwa, na yale mashina yaliyodumaa yakaanza kutoa machipukizi chini, ya kijani kibichi, laini, mazuri kuyatazama.

Lakini mtama wenyewe ulikuwa umeshapotea. Baba mkwe alizunguka shamba lote kwa miguu, akarudi na uamuzi ambao mkulima yeyote wa huku angeufanya. Alisema tutalima upya, tupande mahindi kwa mvua za masika, ila kwanza ng'ombe waingie wale yale majani. Ng'ombe walikuwa wamekonda. Kiangazi kile kilikuwa kimewabakiza mifupa na macho, na hakuna mtu angeacha kijani kile kifukiwe na plau bure.

Mume wangu alikuwa Kewanja, anafanya kazi za vibarua karibu na mgodi. Nyumbani tulikuwa baba mkwe, mama mkwe, mimi na watoto, pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye alikuwa anachunga. Asubuhi ile shemeji alifungua zizi mapema, akawapeleka ng'ombe moja kwa moja bondeni. Mimi nilimfuata baadaye na uji.

Nilipofika aliupokea uji, tukasimama pembeni tunawatazama. Walikuwa wanakula kwa pupa, shingo zikiwa chini, hakuna aliyeinua kichwa. Kisha maksai mweupe, kiongozi wao, akainua kichwa. Mdomo wake ulikuwa wazi na povu linadondoka. Alikuwa anahema haraka haraka kama aliyetoka kuvuta plau tangu alfajiri. Akapiga hatua mbili za kulewa, akakunja miguu ya mbele, akaanguka ubavu.

Shemeji alicheka. Alidhani amejikwaa.

Kicheko chake hakijaisha, akaanguka mtamba mwekundu. Akatupa miguu huku na huku, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa ng'ombe, si wa njaa wala wa kuchinjwa. Kikombe cha uji kilianguka. Shemeji alikimbilia katikati ya kundi, na mimi nikapiga yowe. Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi kile.

Baba mkwe alifika akiwa na katambuga mguu mmoja tu. Akapiga magoti kwa maksai mweupe, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili na kukiinua, kama mtu anayemwamsha mwenziwe. "Inuka," alimwambia. "Inuka, mura, kijana wangu, inuka." Maksai alitetemeka mwili mzima, akatulia. Na wakati ule ule, nyuma ya mzee, mwingine alikuwa anakunja miguu.

Nilikuwa na namba ya bibi shamba kwa sababu ya kikundi chetu cha akina mama. Nilimpigia.

"Ng'ombe wetu wanaanguka," nilimwambia. "Wanaanguka tu, wanakufa."

"Wamekula nini?"

"Mtama. Ule wa bondeni."

"Umefika wapi urefu?"

"Haujafika popote. Ulikauka. Ila sasa umechipua."

Sauti yake ikabadilika. "Watoeni. Sasa hivi. Lakini taratibu, msiwapige, msiwakimbize, waongozeni tu. Nakuja na daktari wa mifugo."

Nilipaza sauti nikarudia maneno yake. Baba mkwe na shemeji wakaanza kuwatoa waliokuwa bado wamesimama. Wengine walitoka. Wengine walifika ukingoni mwa shamba na kuanguka pale pale, pua zikiwa kwenye vumbi la njia.

Yowe huku halipigwi mara mbili. Wanaume walikuwa wanashuka kutoka pande zote wakiwa na fimbo na mapanga, wakidhani ni wezi wa mifugo. Miongoni mwao alikuja jirani yetu, mtu wa umri wa kati, ambaye shamba lake limepakana na letu upande wa mtoni. Naye alikuwa na fimbo yake, anahema, amekuja kutusaidia. Tulikuwa na ugomvi naye wa mpaka, ugomvi uliofika hadi ofisi ya kijiji, lakini kwenye yowe mtu huacha ugomvi nyumbani.

Shemeji alimwona. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ni huyu," alisema. "Jana alikuwa na bomba mgongoni. Alikuwa anapulizia mpakani. Nilimwona kwa macho yangu."

Sijui neno lile lilisafiri vipi. Wanaume waliokuwa wametawanyika wakitazama mizoga walijikuta wameunda duara, na jirani yetu yuko katikati.

"Ulipulizia nini?" mmoja alimuuliza.

"Dawa ya viwavi. Mahindi yangu yameingiliwa na viwavi."

"Kwa nini mpakani?"

"Mahindi yangu ndiko yaliko! Ningeyapulizia wapi?"

Shemeji alimkamata shati kifuani. Nilijisogeza katikati ya migongo ya wanaume, nikasema bibi shamba ameuliza habari za mtama, amesema watolewe kwenye mtama. Mzee mmoja alinigeukia. Hakuwa na hasira, alinitazama kwa mshangao kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Mtama, mama? Mtama ndio umetulea sisi sote. Leo ndiyo uue?"

Mimi mwenyewe sikuamini. Nimekula ugali wa mtama tangu sijaota meno yote, na watoto wangu nimewaachisha ziwa kwa uji wake.

Kilichonitisha kuliko fimbo ni kwamba baba mkwe alikuwa kimya. Alisimama akiwa na povu la ng'ombe wake mikononi, anamtazama jirani. Wote walikuwa wanamsubiri yeye, na nilijua neno lake moja lingetosha. Jirani naye alijua. Aliacha kujitetea. Midomo yake ilikuwa imekauka, ikawa myeupe.

Pikipiki tuliisikia kabla ya kuiona. Daktari wa mifugo aliruka kabla haijasimama, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Bibi shamba alikuja kwenye duara. Alikuwa amejaa vumbi hadi kope. Akapita katikati ya mapanga, akasimama mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliitikia marahaba. Nadhani ilimtoka kwa mazoea tu, lakini alipoitikia mabega yake yalishuka kidogo, na watu waliokuwa wamemzunguka wakashusha fimbo kidogo.

"Hakuna aliyewawekea sumu," bibi shamba alisema. "Mtama ukidumaa kwa jua halafu ukapata mvua ukachipua, yale machipukizi yanakuwa na sumu ndani yake. Mmea unaitengeneza wenyewe. Ng'ombe mwenye njaa akila mengi kwa mkupuo, hachukui muda."

"Uongo," shemeji alisema, bado kashika shati.

Daktari alituita. Alikuwa amempasua maksai mweupe shingoni. Wanaume wale wamechinja ng'ombe maisha yao yote, wanajua damu ya mzoga inavyokuwa, nyeusi na nzito. Damu iliyotoka pale ilikuwa nyekundu ya kung'aa, nyekundu kama nyanya iliyoiva. Mzee aliyeniuliza habari za mtama alirudi nyuma hatua moja. Daktari alieleza kwamba sumu ile inauzuia mwili kuitumia hewa iliyomo kwenye damu, hivyo mnyama anakosa pumzi huku damu yake imejaa hewa tele. Kisha akafungua tumbo, akaonyesha machipukizi ya kijani, mengi, hayajacheuliwa hata kidogo.

Ndipo jirani, akiwa bado mikononi mwa shemeji, akauliza kwa sauti ndogo: "Ni mtama wowote?"

"Wowote uliodumaa ukachipua," alijibu bibi shamba.

Jirani alitazama jua. "Mke wangu," alisema. "Nimemwambia jua likipanda awaingize ng'ombe kwenye mtama wa kule kwenye kichuguu."

Akajing'oa. Shati lilipasuka, kipande kikabaki kwenye ngumi ya shemeji, na yeye akaanza kukimbia.

"Anatoroka!" mtu alipiga kelele, na wanaume wote wakamfuata. Wale wa nyuma hawakuwa wamesikia aliyoyasema, walichoona ni mtuhumiwa anakimbia. Nami nilikimbia, kanga imefungwa kiunoni, napiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Tulivuka korongo. Nilimwona anateleza, anainuka, anaendelea. Nilikuwa na hakika kwamba wangemfikia kabla hajafika, na kwamba ningeona kitu ambacho nisingekisahau.

Tulipopanda upande wa pili, ng'ombe wake walikuwa wanaingia. Wa mbele walikuwa wameshainamisha vichwa. Mkewe alikuwa nyuma yao na fimbo, ameduwaa, anatazama mumewe anakuja na shati lililopasuka na umati wa watu wenye mapanga nyuma yake.

"Watoe!" jirani alikuwa analia. "Watoe, mama, watoe!"

Shemeji ndiye aliyetangulia kufika. Alisimama hatua chache nyuma ya yule mtu, fimbo iko juu, kifua kinapanda na kushuka. Sikujua fimbo ile itamshukia nani. Alimtazama jirani aliyekuwa anamsukuma mtamba kwa bega, kwa nguvu zake zote, bila hata kugeuka kuona kama atapigwa. Kisha shemeji akatupa fimbo, akazunguka upande wa pili, akatandaza mikono kuwazuia ng'ombe.

"Taratibu!" nilipiga kelele. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo. "Msiwakimbize! Taratibu!"

Na watu wale waliokuja mbio kuua walianza kutembea polepole, wametandaza mikono, wanapiga miluzi laini kama wanaoswaga vifaranga. Mapanga yalikuwa yamelazwa kwenye nyasi. Mke wa jirani aliketi chini ghafla.

Mtamba mmoja wa jirani alianza kuyumba. Daktari alifika akamchoma sindano ya mshipa, na mtamba akabaki amesimama. Kwetu pia, kati ya walioanguka, alipona mmoja, jike lenye pembe iliyovunjika. Waliokufa walikufa.

Mchana ule walichimba shimo. Watu walikuwa wameshaleta visu, na daktari akasema hawezi kuruhusu nyama ile iliwe. Sijawahi kuona ng'ombe wakizikwa na nyama yao yote. Mama mkwe aliondoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, hakutaka kuona. Tulisikia udongo unavyoanguka juu ya ngozi. Bibi shamba alishika jembe akafukia pamoja na wanaume. Alipopumzika aliniambia kwamba onyo la sumu ile huwa analitoa wakati wa kuvuna, watu wanapoingiza mifugo kwenye mabua, na hakufikiria jua lingewahi namna ile. Machozi yalimchora mistari kwenye vumbi la mashavu.

Kesho yake baba mkwe alikwenda kwa jirani. Nilimfuata nikiwa na shati jipya la mume wangu. Hawakukaa ndani, walisimama uani.

"Nilinyamaza," baba mkwe alisema. "Walitaka kukuua, nami nikanyamaza."

Jirani alilitazama shati mkononi mwangu. "Mmenikimbiza kama mwizi," alisema. "Lakini kama yowe lenu lisingenileta kwenu, ng'ombe wangu wote wangekuwa ardhini. Sasa sijui, mzee. Sijui nikuchukie au nikushukuru. Niache kwanza."

Shati alilipokea. Habari ya mpaka hawakuigusa.

Tulilima kwa jembe la mkono msimu ule, kwa kuwa maksai hawakuwepo. Wanaume walipokaa ritongo, kile kikao chao cha mambo ya kijiji, walimwita bibi shamba azungumze, jambo ambalo wazee walikuwa hawajawahi kumfanyia mwanamke. Aliwaeleza kuwa mtama wa aina ile ama ukatwe, uanikwe ukauke kabisa kabla mifugo haijaugusa, ama ulimwe uende chini. Mtu akiwa na shaka, ampigie. Punje zake hazina neno, alirudia mara kadhaa, punje ni chakula.

Lakini nyumbani watoto walikataa uji. Niliwapikia asubuhi, wakaukodolea macho, na mkubwa akauliza kama nao wataanguka. Hata shemeji aliusogeza kikombe pembeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekishika changu na hakipandi mdomoni.

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alichukua kikombe changu, akaunywa wote bila kupumua, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Nitazameni mpaka mridhike."

Tulimtazama. Tulimtazama mpaka uji wetu ukapoa.