Bondia Aliyekauka Kama Korosho

Siku mwinjilisti wetu wa Chilangala, kule Newala, alipoletewa baiskeli na misheni, kijiji kizima kiliacha jembe. Mimi nilikuwa mdogo, meno ya mbele sina, lakini naiona ile siku kama ya jana. Yule bwana alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe, na baiskeli alikuwa hajaigusa tangu azaliwe. Wanaume wawili wakamshika huku na huku wamsukume. Wakubwa wakaanza kubishana ataangukia wapi. Baba akasema hatoki hata uwanja wa kanisa. Shangazi akasema ataipita mikorosho yote mpaka barabarani. Mimi nikapayuka kwamba ataangukia pale penye mchanga mwingi, karibu na banda la kuku.

Wakamwachia. Akaondoka kanzu inapepea, kengele inalia, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ili asiogope. Uwanja akautoka. Mikorosho akaanza kuipita. Alipofika penye mchanga gurudumu likazama, wimbo ukakatikia katikati ya ubeti, na yeye akaingia bandani kwa kuku kichwa mbele. Hakuumia, manyoya tu ndiyo yalimjaa. Shangazi akaninyanyua juu, akawaonyesha watu: "Mmemwona huyu? Huyu ana jicho!"

Basi tangu hapo sijanyamaza. Shule niliishia darasa la tatu, sababu mwalimu akiuliza hesabu mimi natabiri jibu, silitafuti. Nimetabiri mvua, nimetabiri ndoa, nimetabiri mbuzi wa jirani atazaa pacha akazaa mmoja tena kilema. Nilikuwa nakosea sana, sitaki kuficha. Ila watu hukumbuka siku uliyopatia, na mimi niliwasaidia kuikumbuka.

Uzee ukanishusha kutoka Newala kuja Masasi, kwa binti yangu anayekaa Mkomaindo. Ananitunza vizuri mno. Lakini pale nyumbani hakuna anayeniuliza kitu. "Baba, kunywa dawa." "Baba, vaa sweta." Hayo siyo maswali. Maswali nilikuwa nayapata kijiweni, kwa mama mmoja mwenye banda la kahawa na televisheni. Nilikuwa na kiti changu pale, cha plastiki, kipo mbele kabisa, na hata bodaboda mgeni akikikalia aliambiwa ainuke, hicho cha mzee wa utabiri. Mtu akitaka kujua nani atashinda mpira, ananigeukia mimi. Sikuwa na kitu kingine duniani ninachokipenda kama kile kiti. Na mke wangu, Mungu amrehemu, angekuwa hai angesema hivyo hivyo, tena kwa hasira.

Sasa likaja pambano la ngumi. Uzito wenyewe wanauita laiti hevi, yaani mtu wa kilo zisizofika themanini, siyo wale majabali wenyewe wala siyo wembamba. Lilikuwa linapigwa nchi ya mbali huko ambako wao wakiwa usiku sisi ndiyo kwanza tunashushia ugali wa mchana. Mmoja alikuwa na ndevu, mwingine upara. Wote siwajui, hawanijui.

Jana yake ikaonyeshwa wanavyopimwa uzito. Wakavua mpaka wakabaki na vichupi, mama wa kahawa akageukia sufuria zake kwa heshima, kisha akageuka tena. Yule mwenye upara alikuwa amejaa, mashavu yanang'aa. Mwenye ndevu alikuwa amekauka. Nakwambia amekauka! Mashavu yameingia ndani, midomo imepasuka, mbavu unazihesabu. Mtangazaji wa televisheni akasema amekaa juani na kwenye mvuke, bila maji, ili afikie kilo zinazotakiwa.

Nikaruka kwenye kiti. "Huyo! Huyo mwenye ndevu anashinda!"

Hapa inabidi nieleze. Sisi tumelelewa na korosho. Korosho mbichi inadanganya mizani: nzito, nono, inapendeza, ukiiweka ghalani inaota ukungu. Unaianika juani mpaka ipungue. Ikikauka sawasawa ukiitikisa mkononi inalia, na hiyo ndiyo haikuangushi. Nikamtazama yule mwenye upara nikaona korosho mbichi. Nikamtazama mwenye ndevu nikaona mzigo wa daraja la kwanza.

Nyuma yangu akacheka mtani wangu. Huyu ni Mngoni, fundi cherehani, alihamia Masasi tangu ujana wake. Babu zao waliwahi kuwakimbiza babu zetu, ndiyo maana sisi leo tunatukanana kwa raha na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Wewe Mmakonde," akasema, "yule mtu ana kiu. Mtu mwenye kiu anapiganaje?"

"Nyamaza, mla panya. Wewe unajua nguo, mimi najua kukauka."

"Basi kama unajua kukauka, mbona mdomo wako haukauki?"

Banda likalipuka. Mama wa kahawa akamwaga kahawa, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa Mungu. Bodaboda wakaanza kugawanyika, huku ndevu, huku upara. Mimi nimesimama natikisa ngumi hewani nawaonyesha korosho inavyolia. Mori umenipanda, nacheka mpaka sweta nimelivua. Mtani akanyanyua mkono watu watulie.

"Tuwekeane dau, wewe ndevu, mimi upara. Atakayekosea anaaga kijiwe. Moja kwa moja. Kiti anamwachia mwenzake."

"Mtani, acha," mama wa kahawa akasema. "Mzee atakwenda wapi?"

"Nimekubali!" nikasema. Nilikubali kabla hata hajamaliza. Na neno la watani mbele za watu siyo mchezo, ingawa lote ni mchezo. Ukilirudisha, watakutania nalo mpaka juu ya jeneza lako.

Kesho yake banda lilijaa hadi nje. Watu wametoka mpaka Lisekese, wamelaza pikipiki zao njiani. Mimi nimekaa mbele kwenye kiti changu, nimevaa kanzu ya sikukuu. Mtani kakaa kwenye ndoo nyuma yangu ananipulizia shingoni.

Kengele ikalia. Mwenye ndevu akaanza kama radi. Kushoto, kulia, upara unarudi nyuma, mimi niko juu ya kiti naimba, "Inalia! Inalia!" na upande wangu wote unaitikia, "Inalia!" Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi nilikuwa na njaa. Raundi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mwenye ndevu akaanza kufungua mdomo. Ya nne miguu ikawa ya mtu anayetembea matopeni. Mwenye upara, yule mbichi wangu, akamgusa tumboni mara moja tu, wala siyo kwa nguvu, na mzigo wangu wa daraja la kwanza ukakaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo. Refa akahesabu. Akabaki amekaa.

Kelele zikalipuka zisizosemeka. Mtani anacheza juu ya ndoo. Mimi nikashikwa na kicheko. Nilikuwa nimeona kosa langu palepale: korosho ukishaianika hutaki inyanyuke tena ikapigane. Nikacheka, nikashika mbavu, mama wa kahawa akaniletea maji akidhani nimepaliwa.

"Mzee, kaa," akasema. "Mlikuwa mnataniana tu."

"Kaa, mtani," Mngoni naye akasema, na sasa alikuwa hachezi tena. "Nimekusamehe. Nitacheka na nani mimi?"

Nikakishika kile kiti kwa mikono miwili, nikakifuta kwa pindo la kanzu, nikamsogezea. Akakitazama tu, hakukaa. Nikawaambia watu wote kwaherini, nikapita katikati ya pikipiki bado nacheka, wananiita "Mzee! Mzee wa utabiri!" na mimi napunga mkono bila kugeuka. Sikurudi tena.