Kaa la Moto la Mzee Wafula

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, miaka ile ya tisini tulipokuwa tukiishi Shauri Moyo. Jirani yetu Mzee Wafula, mstaafu wa kiwandani aliyebaki peke yake, alikuwa akinifundisha Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili mataifa yote yaelewane. Yeye mwenyewe alijifunza kwa barua, na mwanafunzi wake alikuwa mimi tu.

Alikuja na kipande chake cha bati kuomba kaa la moto. Ndiyo ilikuwa desturi yetu: aliyewahi kuwasha jiko humgawia jirani. Akanipa na neno la siku, malvarmo, yaani baridi.

"Aliyeiunda lugha hakuipa baridi neno lake," alisema. "Alichukua varmo, joto, kutoka kwa Wajerumani, akatanguliza mal, yaani kinyume. Baridi ni joto lililoondoka."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na Kifaransa changu kikiniwasha mdomoni. Nikapaza sauti ili hata waliopanga foleni mferejini wasikie.

"Wacha, Mzee! Mal ni Kifaransa, maana yake ubaya. Unafundisha watu kitu hujui!"

Watu walicheka. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba kweli mal ilitoka huko nilikosema, ila mbunifu wa lugha aliipa maana ya kinyume, vilevile alivyosema mzee. Lakini siku ile nani angeniambia?

"Sawa, mwalimu," alijibu polepole, akarudi kwake na bati tupu.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Jiko lake lilikaa mlangoni na majivu ya zamani. Mama akaniambia, "Mpelekee mzee moto." Nikamjibu, "Akitaka si atakuja?" Nilikuwa nangoja aje akiri nimemshinda, mwanangu. Naona aibu hata kulisema.

Siku ya nne majirani walimkuta akihema kwa shida. Ilikuwa homa ya mapafu; wakampeleka hospitalini, na hakurudi tena. Siku waliyomsafirisha kwenda kuzikwa kwao Bungoma, nililiwasha jiko lake pale mlangoni, nikakaa nalo hadi likazimika. Nililia sana.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bishana na mtu ukipenda, lakini moto wake mpelekee, wala usingoje akuombe mara ya pili. Mungu akujalie jirani wa kukugongea mlango, na wewe akupe miguu myepesi ya kwenda kwake mapema.