Nilivyopigwa Picha ya Matiti Nikiwa na Betri ya Moyo

Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Galu, na miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa dobi. Nasema hivi bila kujificha: najivunia. Wasichana niliowafundisha kukunja shuka wako hotelini kote Diani, na hakuna hata mmoja niliyesikia amefukuzwa kwa kazi mbaya.

Huko huko dobini ndiko nilikoanguka. Tulikuwa wawili mbele ya mashine kubwa ya pasi, mimi nimeshika ncha mbili za shuka na mwenzangu ameshika mbili. Aliniambia baadaye kwamba sikupiga kelele wala sikuyumba. Aliona tu shuka imelegea upande wangu, na alipotazama nilikuwa sakafuni.

Moyo wangu ulikuwa ukipiga polepole mno, na mara nyingine ukisimama kidogo kabla ya kuendelea. Daktari wa moyo kule Mombasa alinipasua kidogo chini ya mtulinga, upande wa kushoto, akanitia kifaa bapa kisichozidi kisanduku cha kiberiti, chenye nyaya zinazoingia moyoni. Hospitalini wanakiita pesimeka. Kwetu kila mtu anakiita betri. Nikapewa kadi yenye jina la kifaa na tarehe ya kutiwa, nikaambiwa nitembee nayo popote. Baada ya miezi michache nilirudi kazini, na jambo la kwanza nililofanya ni kuishika ile shuka tena.

Dada yangu anaishi Msambweni. Amenizidi miaka minne, na ni mkulima wa mihogo na korosho, mwanamke asiyejua kubembeleza. Mwaka uliofuata ule wa betri yangu, yeye alipatikana na saratani ya titi. Walimkata titi la kulia, akatibiwa, na Alhamdulillahi akasimama tena. Daktari wake alimwambia kwamba ndugu zake wa kike nao wasikae tu, waende wakapigwe picha ya matiti. Akanipigia simu siku hiyo hiyo.

"Nenda," akasema.

"Dada, mimi nina betri."

"Betri ni ya moyo. Mimi nakwambia habari za titi."

Nikaenda, kwenye kliniki moja ya watu binafsi. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu, aliniamkia shikamoo na kunipa kiti. Lakini niliposema nina kifaa kifuani, aliiweka kalamu chini.

"Mama, hapo sitakudanganya. Ile mashine hulibana titi. Ikibana waya wako ukakatika, nani atajibu? Bora uache."

Hakumuuliza mtu yeyote. Nami sikumwomba aulize. Niliinuka, nikashukuru, nikaenda zangu. Jambo ninaloona haya kulisimulia ni kwamba njiani nilihisi raha. Nilikuwa na sababu. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nilikwenda, wakanikataa," na watu walitikisa vichwa kwa huruma. Jirani mmoja aliongeza kwamba amesikia mwanamke aliyebanwa hivyo betri ikazima papo hapo. Nilipomuuliza mwanamke huyo ni wa wapi, hakujua.

Nikakaa hivyo miezi miwili, mpaka dada akaja kunitembelea.

"Waliokukataa ni nani? Daktari?"

"Msichana wa mapokezi."

"Mgeni wa hoteli akitaka kujua kama doa fulani litatoka kwenye nguo yake ya hariri, amwulize nani? Bawabu wa getini?"

Miaka yote ile nilikuwa nikiwakaripia watu wa mapokezi kwa kuwajibu wageni mambo ya dobi wasiyoyajua.

Kesho yake asubuhi nilipiga simu kliniki ya moyo, ile wanakonipima betri. Aliyepokea alikuwa muuguzi mwanamume, aliyenizoea, huniita mama kila ninapokwenda. Nilimweleza yote. Hakucheka.

"Mama, nenda upigwe picha. Eksirei ile haiharibu kifaa chako. Kidonda chako kilipona zamani, kwa hivyo hapo pia hakuna tatizo. Ila usinyamaze. Ukifika tu, sema una kifaa na uonyeshe kadi. Sema tena kwa yule anayepiga picha, kabla hajagusa chochote. Yeye atajua pa kubana na pa kukwepa. Ukisikia kinabanwa au kinauma, mwambie asimame."

"Nitaweza kumwambia asimame?"

"Kifua ni chako, mama."

Nikarudi kliniki ile ile. Nilitaka iwe ile ile. Dada alifuatana nami, akakaa kwenye benchi na kikapu chake magotini kama mtu aliyekuja kushuhudia ndoa. Msichana wa mapokezi alinikumbuka. Kabla hajasema neno nilimwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, leo naomba kuzungumza na yule anayepiga picha mwenyewe."

Mpigaji picha alikuwa mwanamke kijana wa bara, mwenye Kiswahili cha haraka. Aliichukua kadi yangu, akaisoma mbele na nyuma, akaandika kwenye fomu.

"Sawa, mum, hii si shida. Nimeshapiga picha watu wenye hivi vitu. Nionyeshe kilipo."

Nikajifunua, nikamwonyesha. Alikipapasa kwa ncha za vidole, pole pole, akajua kinapoanzia na kinapoishia. Akanieleza kwamba kifaa kinaweza kuficha sehemu ndogo ya titi kwenye picha, kwa hivyo upande wa kushoto huenda akaongeza picha moja kwa pembe nyingine ili asiache kitu nyuma.

Tukaanza na kulia. Bamba la mashine lilishuka, likabana, nikauma meno, likaachia. Maumivu hayakufika hata nusu ya niliyoyaogopa. Kisha kushoto. Picha ya kwanza ya upande huo ilipita salama. Ya pili, ile ya kutoka pembeni, ukingo wa bamba ulinigusa juu, karibu na kovu.

"Simama," nikasema.

Akasimama papo hapo. Bamba likapanda. Hakununa wala hakuniharakisha. Alinigeuza bega kidogo, akalivuta titi mbele kwa mkono wake, akaliweka bamba chini ya kile kifaa, akauliza, "Hapo je?"

"Hapo sawa. Endelea."

Kwa sekunde zile chache nilizoambiwa nishike pumzi niliusikiliza moyo wangu. Ulikuwa ukipiga sawasawa, bila haraka, kama hakuna lililotokea. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya maumivu. Lile neno moja, simama, sikuwahi kumwambia daktari wala muuguzi maishani mwangu. Nililelewa kunyamaza mbele ya mtu mwenye koti jeupe.

Alipomaliza nilimwomba anionyeshe. Akakigeuza kioo cha kompyuta. Kwenye pembe ya picha kifaa changu kilionekana cheupe kabisa, na waya wake umejipinda vizuri ukielekea ndani. "Hakijaguswa," akasema. Nilivaa buibui yangu nikatoka nimenyoosha mgongo. Dada alinitazama usoni, akasogea kunipisha nikae, akanipa chungwa alilokwisha kulimenya.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Daktari alisema hakuna kitu cha kutia shaka, na kwamba nirudi wakati atakaoniandikia. Nilipompigia dada, nilidhani simu imekatika. Kumbe analia, yeye ambaye siku aliyokatwa titi hakulia.

Kuanzia hapo sikunyamaza tena. Nilizungumza na wanawake wa dobini, mashine zikiwa zimezimwa wakati wa chakula. Nilizungumza na wenzangu wa darasa la dini siku ya Ijumaa. Wengine waliona haya kusikia titi likitajwa, lakini walisikiliza. Habari zikamfikia muuza mboga mmoja wa Kombani, mwenye betri kama yangu, aliyekuwa akikwepa picha kwa hofu ile ile. Alinitafuta mwenyewe, akaniomba nimsindikize.

Nilimngoja nje ya chumba. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikaanza kupata wasiwasi. Kisha mlango ukafunguka, akatoka akijifunga leso yake kifuani.

"Waliponibana vibaya nikawaambia wasimame," akasema. "Wakasimama."

Alisema kwa sauti ya sokoni, wanawake wote kwenye foleni wakageuka kumtazama. Sikumwambia ashushe sauti.